Mama Alienda Likizo na Viazi

Ijumaa, saa nane mchana. Upepo wa vumbi umefunika mtaa mzima hapa Nakuru, na mlango wa duka nimeuegesha na tofali. Shule zilishafunguliwa, kwa hivyo hakuna mzazi wa kunisumbua na sare na cherehani inapumzika. Tulirudi jana jioni. Mwili umechoka lakini roho iko sawa kabisa.

Wacha niandike kabla sijasahau, kwa sababu kuna jambo nimeliona kwa mama yangu ambalo sijui kama ningeliona nyumbani.

Mama ana miaka sitini na saba na hajawahi kulala nje ya kijiji chetu cha Bahati kwa raha. Amelala matangani, amelala kwa harusi za watu, amelala kwa benchi ya hospitali baba alipokuwa anaugua. Likizo? Thubutu! Kila mwaka nikimtajia ananiuliza, "Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" Mwaka huu jirani yake, Mama Njoki, alikubali kukamua, na Mama akakosa kisingizio. Lakini aliweka sharti: akijisikia vibaya hata kidogo, tunarudi, na nisimtajie tena mambo ya likizo. Namjua mama yangu. Akisema nisimtajie tena, basi ni mpaka kaburini.

Kwa hivyo nilipanga kama mtu anayepanga harusi. Sare za Januari zilikuwa zimeniachia kitu kidogo, na nilitaka kitutoshe bila kukopa. Nikachagua Jumanne mpaka Alhamisi, maana katikati ya wiki vyumba vya Naivasha hushuka bei. Nikaziruka hoteli za picha nzuri nikapata gesti ndogo mtaa wa Kamere, vyumba vinne, hatua chache kutoka ziwani. Mashua ya kuzunguka ziwa hukodishwa nzima, si kwa kichwa, kwa hivyo nikajua tutangoja wenzetu tugawane. Hata chakula nilikipangia: tutanunua kilichopikwa, Mama asiguse sufuria siku tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yangu kwake.

Nilijiona mjanja sana.

Jumanne asubuhi nikampata stejini amevaa sweta yake ya kanisa, na kando yake mfuko wa nailoni umevimba. Ndani kuna viazi, kabichi mbili, njegere, na mayai yamefungwa kwa gazeti. Nikamuuliza, "Mama, hizi ni za nini?" Akaniangalia kama anayeangalia mtoto ambaye hakufunzwa adabu. "Kwani tunaenda kwa boma ya mtu mikono mitupu?"

Nikamweleza kwamba gesti si boma ya mtu, ni biashara, unalipa unalala. Akasema sawa, na akabeba mfuko wake.

Sasa hapa kuna kitu naona haya kuandika. Tulipofika Kamere nilitembea mbele yake makusudi. Nilitaka nimalizane na mwenye gesti kabla ule mfuko haujaonekana. Na pale pale langoni mkono wa mfuko ukakatika. Aki viazi vilitawanyika uani kote! Vingine vikabingirika hadi chini ya viti vya vijana fulani wa Nairobi waliokuwa wakinywa soda. Mmoja akacheka. Uso ukaniwaka, na badala ya kuinama nimsaidie mama yangu kuokota, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Si nilikuambia uviache? Hapa tunalipa. Hakuna mtu anataka viazi vyetu."

Mama akainama.

Aliviokota mwenyewe, kimoja kimoja. Chumbani akaketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni na mkoba mapajani, vile huketi akimngoja daktari. Halafu akasema polepole, "Mahali hawapokei kitu ya mtu, mimi sioni nikilala vizuri. Kesho asubuhi turudi." Mipango yote ile, na nilikuwa nimeiharibu kwa mdomo wangu kabla hata hatujaliona ziwa. Nikatoka nje nikalia kidogo nyuma ya tangi la maji.

Niliporudi hakuwa chumbani, na mfuko pia haukuwako. Nikafuata sauti mpaka jikoni. Mama alikuwa ameenda mwenyewe, bila kuniuliza, kumkabidhi mwenye gesti kile alichokuja nacho. Mwenye gesti ni Mama Akinyi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya ziwa, na alikuwa ameshika kabichi kwa mikono miwili. "Wewe ndiye binti?" akaniuliza. "Tangu nifungue hapa, wageni wangu wananibebea sabuni wakienda. Huyu ndiye wa kwanza kuniletea kitu akija!" Mama akacheka kile kicheko chake cha kufunika mdomo. Tayari alikuwa na kisu mkononi, anamenya viazi.

Wueh. Na mimi niliyepanga asiguse sufuria.

Usiku huo tulikula viazi vya Bahati na samaki wa Naivasha kwa meza ya Mama Akinyi, na alikataa katakata nilipotaka kulipia. Mambo ya kurudi hayakutajwa tena. Jumatano Mama Akinyi mwenyewe ndiye aliyetutafutia mwenye mashua anayemwamini, akatuunganisha na familia moja kutoka Gilgil. Mama alipanda mashua akiomba kwa sauti. Kisha tukaona viboko, na maombi yakaishia hapo. Wengine walipiga picha. Yeye alitaka tu kujua kiboko akiingia kwa mahindi ya mtu anafukuzwaje, na mwenye mashua alicheka hadi akazima injini.

Mchana alilala. Mama yangu, kulala mchana! Nilisimama mlangoni nikamwangalia muda mrefu. Mikono yake ilikuwa imelegea juu ya blanketi, na sikumbuki siku nyingine nimeiona ikiwa haina kazi.

Jana tukiondoka, Mama Akinyi alituletea ule mfuko. Alikuwa ameufunga kamba pale ulipokatika, na ndani ameweka samaki wakavu, kwa sababu kwao pia mfuko wa mgeni haurudishwi hivi hivi. Wakakumbatiana kama watu waliosoma pamoja.

Leo tangu asubuhi namuwazia Mama na namstahi mno. Nilimwona mshamba, nikatembea mbele yake kama simjui. Bajeti yangu ilitupatia kitanda na shuka safi, lakini usingizi wa mchana, ile meza na ile mashua ya bei nafuu vilitoka kwa ule mfuko wake. Na hakuwa anapiga hesabu. Hivyo ndivyo huingia kwa watu, hata kwa watu wasiomjua. Mimi nimekaa mjini miaka kumi na tano na sijawahi kupokewa hivyo mahali nilipolipia.

Saa tatu alinipigia. Nikadhani anataka kushukuru. Wapi! Alikuwa na maagizo. Mama Akinyi atakuja Bahati mwezi wa nne, mvua ikishika, aone ng'ombe anayesifiwa hivyo. Na mwaka ujao nisihangaike kutafuta mahali kwa simu, kwa sababu yeye tayari ana mahali. "Wewe kazi yako ni moja," akasema. "Nishonee mfuko haukatiki."

Nikacheka. Kule Kamere sikumwomba msamaha. Sikujua nianzie wapi, na leo kwa simu pia nimeshindwa.

Lakini hapa dukani kilibaki kile kitambaa kigumu cha mikoba ya shule, cha kijani, na nimeshakikata. Mikono ya mfuko nitaipitisha cherehani mara tatu. Jumapili naupeleka Bahati mwenyewe, na neno langu la samahani nitalisema nikiwa nimesimama mlangoni kwake kama mgeni. Na huo mfuko siupeleki mtupu.