Kaka, Ifute Hiyo Video ya Nyuki

Kaka yangu, uliyenitangulia tumboni kwa Mama,

Nimekuandikia kwa simu mara nne. Mara ya kwanza ulinijibu kwa vikaragosi vya kucheka. Mara ya pili ukaniambia watu wengi wameipenda. Ya tatu na ya nne, kimya. Basi nimeamua kuandika hadharani, pale pale mtandaoni ulipoiweka video yako, ili waliokusikia wewe wanisikie na mimi. Usije ukasema nimekuaibisha. Nilianza kwa kukunong'oneza.

Haya, hiyo video. Umeketi ndani ya gari huko majuu, nje theluji, koti limekufunika mpaka kidevuni, na unawafundisha watu wa Muhuru Bay kurina asali. Wewe! Mtu ambaye hajagusa mzinga tangu aondoke hapa na sanduku la bati. "Watu wangu wa nyumbani," unasema, "rineni saa sita mchana jua likiwa kali, nyuki wote wako kazini. Kwenye moshi tieni mafuta taa kidogo. Na wakikufukuza usihangaike, ruka ziwani. Mimi niliruka, na niko hapa." Kisha unajipiga kifua. Yawa! Ulipojipiga kifua niliweka simu chini nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwani umemsahau Baba? Siku ya kurina hakugusa sabuni ya kunukia. Alingoja jua lilegee, akawasha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, akaupuliza moshi mlangoni mwa mzinga pole pole, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Sisi wawili tulisimama mbali na beseni letu. Ukijikuna tu, anakugeukia: "Tulia. Hapa si kwako." Masega yenye watoto wa nyuki aliyaacha, hata tukimlilia vipi. Na nikiumwa, wewe ndiye uliyenitoa mwiba kwa ukucha, ukanipulizia mkono, ukaniambia nisilie Baba asisikie. Nilikupenda sana siku hizo, na ndiyo maana hasira yangu leo inaniuma hata mimi mwenyewe.

Baba akatutoka. Kisha, mwaka ule gugumaji lilipofunika ufuo wetu, ulikwenda Ogwedhi kuuza fahali, ukarudi na elimu mpya. Kuna mtu sokoni amekwambia kwamba mchana mzinga huwa mtupu. Mtu gani? Jina hulijui. Ana mizinga? Hukumuuliza. Na mafuta taa je? Ni yeye huyo huyo. Nikakwambia Baba hakufanya hivyo, ukanijibu, "Baba alikuwa mtu wa zamani." Ulikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi kumi na tisa, na nikabeba beseni nikakufuata kama kawaida. Hilo ni kosa langu, nalikubali.

Miaka ile angalau uongo ulitembea kwa miguu. Yule wa Ogwedhi alimpotosha mtu mmoja aliyekuwa amesimama mbele yake. Wewe umeongea mara moja ndani ya gari, na kufikia jioni wako waliokuwa wameusikia Muhuru, Remba na hata Mbita, kila mmoja akimtumia mwenzake, "huyu ni wetu, anajua." Unajua nini?

Siku ile tulipokwenda kurina, saa sita mchana, ulifunga kitambaa chenye mafuta taa kwenye mwenge, ukauingiza mlangoni mwa mzinga na mvumo ukabadilika. Mimi niliusikia. Hawakuwa kazini, kaka. Walikuwepo wote, na jamaa zao. Ukaangusha mwenge, ukapiga kelele, "Ziwani!" Ukatangulia.

Wewe unaogelea kama samaki, mimi najua kuoga tu. Ulipiga mbizi chini ya gugumaji ukaibukia kule mbele, kwenye mtumbwi wa wavuvi. Mimi nilifika kiunoni, mizizi ikanishika miguu. Kwenda mbele siwezi, kurudi siwezi. Nikizamisha kichwa nakosa pumzi, nikikiinua wako hapo hapo juu ya maji, wananingoja. Waliniingia puani, masikioni, ndani ya nywele. Nilikuita kwa jina lako. Nilikuita mara tatu, halafu nikawa siwezi kufungua mdomo kwa sababu yao.

Aliyenitoa ni Nyar Remba. Unamkumbuka? Yule mama tuliyemwita binti wa Remba kwa kuwa alikuja kutoka kisiwa hicho na biashara yake ya omena, ambaye hata jina lake la ubatizo hatukulijua. Alikuwa ameanika omena mchangani. Aliung'oa wavu uliokuwa chini ya samaki wake, omena wote wakamwagika, akaingia majini nao akanifunika kichwa na mabega. Matundu ya wavu ule ni madogo, nyuki hapiti. Akanivuta hivyo hivyo mpaka nchi kavu, na yeye mwenyewe hakuwa na wavu. Mikono yake ilivimba hata bangili ikabidi ikatwe. Katika video yako simwoni. Nimeitazama mara nyingi, nikidhani labda utamtaja mwishoni.

Kule zahanati ulikuja siku ya pili. Uso wangu ulikuwa umevimba mpaka macho yakafumba, nilikutambua kwa sauti. Ulipiga magoti kando ya kitanda. "Ukimwambia Mama, hataniacha niende chuo. Nakuomba." Nikamwambia Mama kwamba niliugonga mzinga kwa fimbo nikitafuta kuni. Mama aliniita mzembe. Ameniita hivyo miaka yote hii, kaka, mbele ya wageni, mbele ya mume wangu, mbele ya watoto wangu. Na jicho langu la kushoto mpaka leo linaona kama liko nyuma ya pazia. Nilinyamaza. Ulikwenda chuo, ukapanda ndege, unatusaidia sana, Mungu akubariki. Sijakuja kukudai ule unyamavu.

Nimekuja kwa sababu ya Mama.

Unajua ana mizinga minne pale nyuma ya nyumba. Kila msimu mimi humrinia, jioni, kwa moshi wa Baba. Msimu huu amekataa. Ameitazama video yako mpaka ameikariri. Jumapili baada ya ibada aliipeleka kwa akina mama wenzake, simu ikazunguka benchi zima, "mwanangu huyo, msikilizeni." Wamepanga Jumamosi saa sita mchana. Jirani atamrekodi ili akutumie uone. Chupa ya mafuta taa tayari iko chini ya meza, nimeiona kwa jicho langu zima. Mwanamke wa miaka sabini na mitano mwenye goti bovu, kaka! Nimwambieje? Nimemwambia. Amenijibu, "Wewe umekuwa mwoga tangu ulipougonga ule mzinga. Kaka yako ameiona dunia." Mimi niliye hapa kila siku, ninayemkanda hilo goti, sijui kitu. Wewe ndani ya gari ndiye unayejua.

Umenichosha. Mmenichosha nyote wawili.

Na kwa kuwa nyote mnaamini lile ziwa, acha nikueleze jambo ambalo kwa muda wote huu sikutaka kukueleza. Maji hayakukuokoa. Nyuki wakimfuata mtu ziwani hubaki juu yake mpaka ainue kichwa. Wewe walikuacha kwa sababu walikuwa wamenipata mimi. Ndiyo hekima yote ya video yako hiyo: ruka, na uwe na dada asiyejua kuogelea nyuma yako. Mama Jumamosi atakuwa na nani nyuma yake?

Ifute. Usiirekebishe, usiongeze maneno chini yake. Ifute, kisha uweke nyingine useme ulikosea na useme kilichotokea. Na mtaje Nyar Remba.

Kabla ya kukutumia barua hii, leo asubuhi nilimsomea Mama yote yaliyo hapo juu. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alinishika uso, akaligeuza jicho langu upande wa dirisha akaliangalia. Halafu akaniambia niitoe ile chupa chini ya meza niirudishe dukani. Kwa hiyo Jumamosi ya Mama imekwisha. Wengine waliokuona siwezi kuwasomea mmoja mmoja, hao ni wako.

Ila aliniuliza swali moja. Aliuliza, "Alikusikia ukimwita?"

Nimemwambia akuulize wewe. Ameshika simu, anangoja upige.

Wako bado,
Dada yako mdogo