Harusi Itamngoja Rehema

Mpendwa mdogo wangu Nassor,

Niwie radhi kwa kukaa kimya muda wote huu. Sikupenda kukuandikia khabari nusu nusu kuhusu posa ya mwanao Asya. Leo imenilazimu, kwa sababu limetokea jambo ambalo ni haki yako kulisikia kutoka kwangu kabla ya kulisikia kwa watu.

Lakini kwanza nikuulize: unazikumbuka zile asubuhi za miaka ya tisini ulipokuwa ukinipeleka skuli kufundisha, gari likipanda milima ya Al Amerat, nawe umeweka kaseti ya yule mwimbaji wako wa Karibiani? Ulikuwa ukiimba naye, tena vibaya. Mimi nilikuwa nimeshika jalada lenye picha yake, shati wazi mpaka tumboni.

"Mwambie kwanza afunge vifungo," nilikuambia.

"Dada, wewe humsikilizi, unamkagua!"

Ulicheka mpaka nikakuomba ushike usukani vizuri. Kisha ukanisimulia maisha yake. Wazazi wake walitoka visiwani, naye akazaliwa Amerika. Mama yake alisafisha nyumba za watu, na yeye mwenyewe alifanya kazi za mikono kabla ya kuingia katika maigizo na nyimbo. Akapendwa, akatajirika, na angeweza kukaa kwake akastarehe. Hakukaa. Aliandamana na wanyonge, akatoa mali yake ili watu watoke jela, akahangaikia wenye njaa wa Afrika. Mimi niliyedhani kuwa mwimbaji ni shati na mdundo nilikuuliza khabari zake mpaka tukafika skuli, Al Khuwair.

Ulipokwisha kuhamia Unguja, ukaniachia Asya na gari, nilimwona mwimbaji wako katika televisheni. Amezeeka, sauti inakwaruza, na bado anawakemea wakubwa bila ya kupepesa macho. Vifungo vyote vimefungwa. Nilitamani uwepo uone.

Sasa khabari yenyewe. Unamjua Bi Zuhura, jirani yetu, mama wa Said aliyemposa Asya. Nyumbani kwake anafanya kazi Rehema, msichana wa Tanga aliyevuka bahari kuja kutumika huku. Juzi alipigiwa simu kuwa mama yake ni mgonjwa sana. Akaomba ruhusa ya kwenda kwao. Bi Zuhura akakataa, na pasi ya kusafiria ya Rehema imo kabatini mwake. Asya ndiye aliyenieleza. Nikavaa buibui langu, nikaenda.

"Bi Zuhura, mpe Rehema pasi yake akamuuguze mamake."

"Loo, mwalimu! Harusi mwezi ujao. Wageni wote wale atawapikia nani? Wewe?"

"Harusi ya nani?"

"Ya mwanangu na mwanenu, ya nani tena?"

"Basi na mimi ni mwenye harusi, na nnasema itamngoja Rehema."

Aliweka kikombe cha kahawa chini. "Unachelewesha harusi kwa ajili ya mtumishi?"

"Kwa ajili ya mama wa mtu."

Akasema atazungumza na mumewe na wanawe, na kwamba huenda hata posa ikafikiriwa upya. Nilirudi nyumbani na hofu, kwa kuwa Asya anampenda Said, na furaha ile si yangu hata niiweke rehani. Nilimweleza kila neno. Alinisikiliza, kisha akasema:

"Shangazi, kama Said ataridhika harusi yangu ipikwe na mtu anayelilia mamake, bora nimjue sasa."

Maneno hayo hakuyapata kwangu, Nassor. Mimi nilimfundisha kukaa wima na kusema ukweli. Haya aliyaokota ndani ya lile gari lako, akiwa kiti cha nyuma na mkoba wake wa skuli, sisi tukidhani amelala.

Wanaume wa nyumba ile watakaa kikao kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Said hajasema neno bado. Asya hali chakula vizuri, ingawa anajifanya anakula. Ukiwa na dua, mwombee yeye, na umwombee mama yule wa Tanga asitangulie kabla ya mwanawe kufika.

Watakapoamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, liwe la kutufurahisha au la kutuumiza. Na pasi ikitoka, nitampeleka Rehema uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Kaseti yako bado imo garini.

Dada yako,
anayejua sasa kwa nini ulikuwa ukiimba kwa sauti kubwa vile