Waumini Mia Nne na Watatu

Songo, Uvira, Jumanne

Mdogo wangu Gracien,

Daftari la waumini wa kanisa letu lilichukuliwa Jumapili, saa nne asubuhi, mbele yetu sote, na waliolichukua wana bunduki. Nimetanguliza hilo, salamu zifuate. Habari za Bujumbura? Laure anaendeleaje, na kile kikohozi chako? Sisi ni wazima kwa mwili. Mama anakula kidogo. Bado anakaa ndani ya nyumba yako, na ndiyo sababu ninakuandikia mbiombio.

Waliingia katikati ya wimbo. Mkubwa wao alisema anataka tu kujua nani iko mjini. Pasta Anastase akanyoosha kidole kwenye meza yangu, akasema mambo ya daftari ni ya sekreteri. Mwaka jana aliposoma raporti mimbarani na watu wakapiga makofi, haikuwa ya sekreteri, ilikuwa yake.

Leo wamekuja kwangu nalo. Wamepita Songo nyumba kwa nyumba, wamekosa watu thelathini na saba, na weye ni wa kumi na mbili. Mama aliwaambia weye ni kijana mzuri, akawaonyesha picha yako. Wameondoka nayo. Mimi nilieleza kwamba mlikimbilia Burundi na mnasali huko. Yule mkubwa akafungua ukurasa wa mwisho, akasema taratibu, "Mama sekreteri, kitabu chako kinasema wako hapa. Kama hawako, basi wako porini wanapigana na sisi. Sahihi hii ni ya nani?" Nikasema ni yangu. Watarudi Alhamisi saa sita mchana. Bila karatasi inayoonyesha kila mmoja yuko wapi, watawabeba wanaolala ndani ya nyumba hizo.

Sasa nisikilize, na ukitaka kunitukana, unitukane Ijumaa. Nilikuambia Pasta anachelewesha barua yako ya uhamisho, hata ndoa yako na Laure ikasogezwa mara mbili. Pasta hakuiona. Jean-Berchmans, sekreteri wa kanisa lenu huko, alituma maombi ya uhamisho ya wote thelathini na saba, na yote yalifika mkononi mwangu. Nikapiga hesabu. Tulikuwa 388; waliobatizwa 24, waliokufa 9, jumla 403. Nikiwatoa ninyi, 366. Kila mwaka kanisa la dunia nzima linatangaza limeongezeka, na sisi tungeandika kwamba tumepungua ishirini na wawili. Chini ya mia tatu na themanini tungerudi kuwa kikundi cha sala chini ya kanisa la Katogota, bila pasta, bila sekreteri. Minye niliyeuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, miaka sita nikajilipia masomo, nilikataa kushushwa. Wafu niliwafuta wote kwa uaminifu. Walio hai niliwashikilia. Na yale maombi niliwashia moto wa makala jikoni.

Mama hajui. Msalimie Laure, umwambie kosa si lako. Mapendo, anayekuletea barua hii ndani ya kikapu chake, anavuka kurudi Alhamisi asubuhi. Usije weye mwenyewe, picha yako wanayo.

Jean-Berchmans amebaki na nakala? Anaweza kuzipiga muhuri, majina yote, na tarehe mlizopokelewa? Sitaki "tutaona," sitaki "tuombe." Andika ndiyo au hapana, umpe Mapendo, inifikie kabla ya Alhamisi saa sita.

Yaya yako,
Apolline