Mwisho wa Sultani Uliouficha

Baba Saidi,

Tangu tukufukie kwenye udongo ule wa baridi, hujanijia hata ndotoni. Jirani yangu, marehemu mumewe humjia kila wiki, anamuuliza funguo kaweka wapi. Wewe kimya. Unajua ulichokifanya, ndiyo maana.

Mjukuu wako Nasoro anakwenda jeshini. Jeshi la hawa hawa Waingereza tunaoishi kwao. Jumatatu anapanda treni. Mama yake anakunja nguo, anazikunjua, anazikunja upya. Nikamuuliza mtoto, nani kakutia wazimu huu? Akasema, "Babu."

Ni hadithi yako ya sultani yule wa Misri. Ukitoka kiwandani, mafuta yangali kuchani, unakaa kitandani kwa mtoto, unamsimulia: Mamluki, askari wa kununuliwa sokoni tangu mdogo, kafundishwa farasi na mkuki, kawa kamanda, kawafukuza Wamongoli, kakalia kiti cha enzi. Hapo mtoto kashasinzia, nawe unazima taa. Miaka yote hadithi inaishia kwenye kiti.

Basi nimeimalizia mie, nisiyeingia skuli. Nimemwambia uliyonisimulia tulipokuwa wachanga wa ndoa. Kwamba kiti kile alikipata kwa kumuua sultani wake mwenyewe, wakiwa mawindoni, baada ya kupigana vita bega kwa bega. Kwamba hakumwamini tena mtu. Kwamba alikufa kwa kikombe cha sumu, na wenziwe wakawapokonya wanawe ufalme. Na mama yake yule Mamluki je, aliyeporwa mtoto? Huyo hata wewe hukuwahi kumtaja.

Nasoro akanibusu mkono. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba Bibi unatunga, Babu hakusema hayo, na Babu hakuwa mwongo.

Umri mzima nimekupikia, leo mwongo ni mimi.

Nina hasira nawe, mzee wewe, na shati lako bado nalala nalo. Yasini yako nitaisoma kila Alhamisi, hiyo siikati kwa ugomvi. Mungu akupe nuru humo ulimo.

Lakini ukija, kwangu usiingie. Nasoro analala chumba kile kile cha nyuma. Mwamshe kwanza, unamjua anavyosinzia, kisha umwambie mwisho kwa kinywa chako. Kabla ya Jumatatu, Baba Saidi.