Malapa Yako Kwenye Ngazi ya Kwanza

Mama Mwende,

Mvua ya Novemba imekwisha, jua limeanza kuwaka, na nimeosha veranda ya Mwalimu kule Kola bila wewe. Ni kazi ya kwanza tangu tukuzike. Nimeifanya mara mbili, ndiyo maana nakuandikia.

Unaijua ile veranda: mbao tupu, na kila mvua ikipita inaota utelezi wa kijani. Mwalimu alinipigia akasema mama yake anakuja kwa Krismasi, yule bibi kizee uliyemwita Susu, asiyependa viatu. Akiteleza, mfupa wa umri ule hauungi tena. Akaniuliza kama kweli nitaweza peke yangu.

Swali hilo lilinichoma. Niliweka malapa yako mekundu kwenye ngazi ya kwanza, kama ulivyozoea, ili watu wajue sakafu imelowa wasipite. Kisha, badala ya brashi, nikawasha mashine ya kuoshea magari niliyokodisha mjini. Najua, najua. Usiache mbachao kwa msala upitao, nami niliuacha wako mchana kweupe. Mbao zikang'aa ajabu! Nikajisifu. Halafu nikakukumbuka: “Ndinda, usiniambie imeng'aa. Toa viatu ukanyage.”

Hatua ya tatu, kibanzi kikaingia kisiginoni. Maji yale ya nguvu yalikuwa yamezichana mbao, nyuzi zimesimama kila mahali. Nilikaa chini nikalia, na si kwa maumivu. Miaka sita ulinipigisha magoti, tukisugua kufuata mstari wa ubao, tukisuuza kwa kikombe, nami nikidhani ni kukosa vifaa tu. Kumbe ulikuwa unajua. Sijaona fundi aliyeijua kazi yake kama wewe, na sikukuambia hata siku moja.

Nilimwambia Mwalimu ukweli. Akanipa siku tatu. Nikapiga msasa ubao kwa ubao, kwa mkono, nikapaka mafuta, na kila jioni nikatembea peku kutoka mlangoni hadi ngazini. Magoti yangu sasa ni meusi na magumu kama yako. Nayaringia.

Susu alifika Jumamosi, akavua viatu akiwa bado uwanjani. Akatembea hadi mwisho wa veranda, akageuka, akarudi polepole, bila kushika ukuta. Kisha akauliza, “Mama Mwende ako wapi nimwambie asante?”

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwambia mimi.

Akashuka hadi ngazi ya kwanza, akainama na umri wake wote, akayageuza malapa yako yakaelekea mlangoni, kama ya mtu aliyeingia ndani ya nyumba. Nimeyaacha hivyo.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, hakuna mguu wa mtu utakaokanyaga sakafu yangu kabla ya wangu, mtupu.

Ndinda wako