Kamba Mpya ya Mashua Yako

Matema,
Kyela.
9 Julai 2023

Mpendwa mwanangu Jofrey,

Ugonile? Umelalaje huko Kihesa na baridi ya Iringa, na kifua chako kinasemaje? Mkeo Goodness hajambo? Mimi mzima, meno tu ndiyo yamepungua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu, kwa sababu kwenye simu unaniaga kabla sijafika kwenye habari ya mashua.

Mashua yako ipo. Ila mwezi uliopita upepo wa kusini ulivuma mpaka tukasema nyumba zinakwenda. Kamba ikakatika, mashua ikatupwa mchangani, ubao wa ubavuni ukapasuka. Nimeshauziba. Hata wewe uliyeiunda huwezi kupaona.

Watu wa hapa wakasema kosa ni langu, eti niliifunga fupi na kuikaza. Mimi nimefunga ng'ombe Tukuyu maisha yangu yote kabla ya kuhamia hapa ziwani, hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye migomba ya jirani. Ng'ombe unamfunga fupi. Lakini Alinanuswe, huyu jirani yetu mvuvi, alisimama mbele za watu akaniambia, "Mzee, hii haili migomba. Iachie ipande na wimbi." Wakacheka. Nikamjibu nalijua hilo tangu zamani, nilikuwa naijaribu kamba tu.

Basi nikaenda mwenyewe Kyela mjini kuchagua nyingine. Muuzaji ananipa ya katani, nikakataa, katani ikishinda majini inaoza. Akaleta ile ya bluu, ngumu, haivutiki. Nikashika nyeupe ya nailoni, nene kama kidole gumba changu, si chako. Wimbi likija inavutika, halafu inarudi. Nimeifunga kwenye lile jiwe kubwa lililozama, nikaiacha ndefu. Pale inaposuguana na ubao nimeivisha tyubu ya baiskeli yangu. Baiskeli ya nini, siendi kwa mtu.

Asubuhi nakwenda kutazama mashua imegeukia wapi. Tangu mama yako atutoke, hiyo ndiyo kazi ninayoamkia. Nikirudi napika ndizi, nazipika nyingi kwa mazoea, zinabaki.

Sasa, yule mnunuzi wako Adrian uliyesema nimkabidhi mashua mwisho wa mwezi, amekuja kuitazama. Nimemwambia tanga limeliwa na panya. Si kweli. Tanga ni kavu, nimelitandaza kwenye kitanda chako.

Mashua ni yako, sikukatazi. Lakini fundo lile nimelifunga mimi, na wa kumfungulia Adrian si mimi. Kama ni kuuza, panda basi uje ulifungue kwa mkono wako. Ndizi zipo.

Nisalimie Goodness, na mjukuu wangu Jackline, na shangazi yako Atuganile akipita hapo. Mungu awafunike wote. Ukifika usiku, gonga tu, siku hizi silali sana.

Ni mimi baba yako, nikupendaye,
Anania