Kichwa cha Samaki Kaburini kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimerudi kutoka semina ya walimu Vwawa. Jiwe langu limebaki nusu! Lile nililolipasua mwenyewe kule korongoni kwenye makaa ya mawe, likafunguka kama kitabu: kiwiliwili cha samaki wa kale aliyegeuka jiwe huku, kichwa kule. Nusu ya kiwiliwili iko chini ya kitanda. Ya kichwa niliianika nje. Andongwisye, mume wangu, ni fundi mwashi, jiwe bapa haliachi likae bure. Kalijengea kaburi la mama yake. Tena uso chini, ndani ya saruji — eti watu wakiona ile michoro watasema marehemu alikuwa mchawi.

Nilienda kukoroga uji.

Alhamisi, 5 Juni
Violet, mwanafunzi wangu wa zamani, kapiga simu kutoka chuo kikuu, kaona picha nilizomtumia za nusu yangu. Magamba mazito, yamepangana kama vigae. Anadhani ni wa ukoo wa samaki wa mwanzo wenye mifupa, wa kale kuliko dinosaria. Anadhani tu. Bila taya na meno hawezi kuandika kitu. Mwalimu, tafuta kichwa, anasema.

Nimefundisha biolojia miaka yote kwa michoro ya ubaoni. Leo nimepata kitu chenyewe, kimelala na mama mkwe. Yule aliyesema mbele ya wageni kwamba mwanamke mwokota mawe atazaa mawe. Hata kufa kwake hakujanipumzisha.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada nimemwomba Andongwisye abandue lile moja tu, aweke jingine. Mama hasumbuliwi kwa ajili ya kitoweo, kasema. Nikamwambia: mama yako alinichukia akiwa hai, sasa ananikomoa akiwa mfu.

Akala ugali, akanawa, akatoka. Nina hasira. Na aibu, kidogo.

Jumatatu, 9 Juni
Asubuhi, sijaenda shule. Nyundo na tindo havipo kwenye begi lake. Nimesimama mlangoni — chuma kinagonga jiwe kule makaburini, taratibu, kama mtu anayebandua. Moyo ukanilainika. Nikasema acha nimpelekee nusu yangu, tuziunganishe palepale, na nimwombe radhi.

Nimeinama chini ya kitanda. Haipo.

Na ile saruji iliyobaki, aliyoiweka jikoni, haipo pia.

Kugonga kumekoma. Sasa nasikia mwiko wake wa uashi unakwangua saruji. Naandika hapa badala ya kwenda kuona nusu yangu ikilazwa uso chini.